Naomba ushauri: nianze na Kakegurui Twin au sizoni ya kwanza?

Wakuu, habari zenu. Mdogo wangu wa kike yuko likizo, nimemwahidi tutaangalia Kakegurui, ile anime (katuni ya Kijapani) ya shule ya Hyakkaou ambako hadhi ya mwanafunzi inapimwa kwa kamari na anayelemewa na madeni anageuzwa mtumwa wa wenzake. Sizoni ya kwanza ya 2017 nimeshaimaliza. Yeye bado kabisa.

Sasa kuna Twin ya 2022, sehemu 6 tu, inayorudi nyuma mwaka mmoja kumfuata Mary Saotome akiwa mgeni shuleni, binti wa familia ya kawaida kati ya watoto wa matajiri. Hapo ndipo nimekwama. Mimi nilikutana na Mary kwenye sizoni ya kwanza, akimchezea rafu Yumeko, mhusika mkuu, kwenye karata za jiwe, karatasi na mkasi, wenzake wakimpa ishara kwa siri. Nilimchukia palepale! Aliyeanza kwa kumjua Mary kwenye Twin, kupitia urafiki wake na mwanafunzi mwenzake Tsuzura, atalipokeaje pambano lile? Na kwa binti wa kidato cha tatu, zile picha za kuchokoza tamaa hazijazidi? Mlioziona zote mbili, naombeni mnielekeze.