Meli ya Karibi kutoka Galveston tukiwa na bibi na mtoto wa miezi 14: tujipange vipi?

Mama Salma, Houston

Salaam wana jukwaa. Tunafikiria kuchukua meli ya usiku saba mwezi wa pili kutoka Galveston: Falmouth (Jamaika), George Town (visiwa vya Cayman), Cozumel (Meksiko), kisha turudi Galveston. Tuko sita. Baba watoto ni raia wa hapa, mimi nina grini kadi na pasipoti ya Kenya. Watoto wamezaliwa Texas: miaka 9, miaka 5 na miezi 14. Mama mkwe yuko nasi kwa visa ya matembezi, ametoka Mombasa mwezi wa kumi na moja. Magoti yanamsumbua.

Nataka kujua: makaratasi ya kila mmoja wetu, vyumba tuchukue vipi, chakula (sisi ni Waislamu), kichefuchefu, na bandarini tushuke wapi na wapi tusijisumbue. Naomba wanaojua, si wa "nilisikia".

Wakala wa Safari, Dallas

Dada, anza na mama mkwe kabla hujalipa hata arubuni, maana yeye ndiye anayeamua kama safari ipo.

Fungua visa yake uangalie idadi ya kuingia. Ikiwa ni M, anaweza kutoka na kurudi mara nyingi. Ikiwa ni ya kuingia mara moja, ameshaitumia alipotua. Meli ikishaondoka Galveston ametoka Marekani, na hana cha kumrudishia. Visa hiyo pia iwe hai siku ya kurudi, siyo siku ya kuondoka tu. Utasikia watu wakisema visa ikiisha mtu anaweza kurudi kwa I-94 pekee, ile rekodi ya kuingia inayoonyesha mgeni akae hadi lini. Kwa mgeni wa matembezi nafuu hiyo ni ya safari fupi za Kanada na Meksiko. Mkipita Jamaika na Cayman haimhusu. Na asitarajie kupewa miezi sita mipya akirudi. Mara nyingi afisa humwachia muda uliobaki kwenye I-94 yake.

Wewe: grini kadi yenyewe, siyo picha kwenye simu, pamoja na pasipoti ya Kenya yenye uhai wa angalau miezi sita mbele.

Watoto: kwa safari inayoanza na kuishia bandari ileile ya Marekani, raia aliye chini ya miaka 16 anaweza kupanda kwa cheti cha kuzaliwa. Kiwe kile cha serikali ya jimbo au kaunti. Ile karatasi nzuri ya hospitali yenye nyayo za mtoto haikubaliki, na kila wiki kuna familia inarudishwa kwenye kaunta kwa ajili yake. Lakini mimi nasema watengenezee pasipoti. Mtoto akiugua Cozumel mkalazimika kurudi kwa ndege, cheti cha kuzaliwa hakimpandishi ndege ya kimataifa.

Visa za huko mnakoshuka: Meksiko haimtaki visa mwenye grini kadi wala mwenye visa hai ya Marekani. Kwa Jamaika na Cayman, uliza kampuni ya meli kwa barua pepe, utaje uraia wa kila abiria, na uchapishe jibu. Anayekukagua Galveston ni mfanyakazi wa kampuni, na barua ya kampuni yake ndiyo anayoielewa upesi.

Bado kuna jambo la mwezi wa pili. Mlango wa Galveston hufunikwa na ukungu kipindi hicho na meli husimama nje ikisubiri njia ifunguliwe, wakati mwingine nusu siku. Msipange kwenda kazini asubuhi ya kurudi.

Kijana wa Likoni (mhudumu wa ukumbi wa chakula, meli za Karibi)

Mama Salma, shikamoo. Nijibu vyumba na chakula.

Vyumba: mko sita, chukueni viwili vyenye mlango wa katikati. Usinunue ile bei ya chini ambayo kampuni ndiyo inakuchagulia chumba, maana hapo mlango wa katikati hauahidiwi na mnaweza kutupwa sitaha mbili tofauti. Ukiona mtandaoni vyumba vya watu wanne vimeisha ilhali meli ina nafasi, si uongo. Kila eneo la kukusanyikia wakati wa dharura lina idadi yake ya watu kwa mujibu wa boti za uokoaji, ikijaa basi vitanda vya juu vya upande huo haviuzwi tena. Familia kubwa inatakiwa iwahi.

Chagua katikati ya meli, sitaha za chini, na juu yako na chini yako pawe vyumba vya kulala. Chini ya sitaha ya bwawa utasikia viti vikiburutwa tangu alfajiri.

Kwa mama mwenye magoti, angalia choo. Vyumba vya kawaida vina kizingiti mlangoni mwa bafu, kirefu kiasi cha kumkwaza mtu usiku meli ikiyumba, na bafu lenyewe ni dogo la pazia. Chumba cha wenye ulemavu hakina kizingiti, kina vishikio na kiti cha kuogea, ila ni vichache na lazima ujaze fomu ya kueleza hali yake. Kitanda cha mtoto mchanga ni bure ukikiomba mapema, lakini kikishafunguliwa njia ya kupita haipo tena.

Chakula: meli nyingi za Karibi hazipiki nyama ya halali. Kwa baadhi ya kampuni unaweza kuagiza milo ya halali iliyofungwa, na nyingine hutaka maombi yaingie angalau siku 45 kabla. Usipoagiza, samaki, mayai na mboga vinatosha wiki nzima, lakini uliza kilichomo. Maharage na supu za bafe huwekwa vipande vya nguruwe bila kuonekana, na vibanzi vinaweza kuwa vimekaangwa mafuta mamoja na vitu vingine. Zile peremende laini na vitindamlo vinavyotikisika vina jeletini, ambayo mara nyingi hutokana na nguruwe, na watoto ndiko wanakokimbilia. Usiku wa kwanza mwite mhudumu mkuu, siyo mimi wa mezani, umweleze. Kila usiku atakuletea menyu ya kesho, utachagua, na jikoni watakupikia kando. Chukueni zamu ya kwanza ya chakula, kama saa kumi na moja na nusu jioni. Zamu ya pili mwenye miaka 5 atalalia sahani.

Mdogo: maziwa na vyakula vya mtoto vya dukani vilivyofungwa vinaruhusiwa. Uji wa kupika wenyewe sahau, kwa sababu birika la umeme, pasi na nyaya za kurefusha umeme zikikutwa kwenye begi zinazuiliwa. Asubuhi kuna uji wa shayiri, na jikoni wanasaga chakula ukiomba. Pampasi beba za wiki nzima na ziada, kama 60, duka la meli lina chache na bei yake ni ya kukomoa. Bwawani mtoto wa pampasi haingii kwenye meli nyingi, hata zile pampasi za kuogelea. Klabu ya watoto kwenye meli nyingi ni kuanzia miaka 3 na awe anajua kwenda choo, kwa hiyo wawili wakubwa wanaingia. Waandikishe alasiri ya kwanza, kabla foleni haijafika nje.

Na bakshishi: kampuni nyingi hukata kila siku kwa kila kichwa, nyingine hata kwa mtoto mchanga, kati ya dola 16 na 20 hivi. Ukikadiria 17, kwa watu sita usiku saba ni dola 714. Weka kwenye bajeti tangu sasa.

Nesi Zawadi, Minneapolis

Mwezi wa pili Ghuba ya Meksiko hupata upepo mkali wa kaskazini, na siku ya kwanza na ya mwisho ndizo mtakazoyumba. Dawa ya kichefuchefu inywewe kabla, saa moja hivi kabla ya meli kutoka. Mtu akishaanza kutapika kidonge hakikai tumboni.

Watu wazima na watoto kuanzia miaka 12: meklizini miligramu 25. Watoto wadogo wana dimenhidrinati ya watoto: miaka 2 hadi 5, miligramu 12.5 hadi 25. Miaka 6 hadi 11, miligramu 25 hadi 50, na msirudie kabla ya muda wa saa sita kupita tangu dozi iliyotangulia. Mthibitishe na mfamasia kwa uzito wa mtoto. Wa miezi 14 asipewe kitu. Mama mkwe kama ana presha ya macho, shida ya pumu au anatumia dawa nyingine za usingizi, daktari aulizwe kwanza, maana dawa hizi humlevya mzee na ndipo kile kizingiti cha bafuni kinapomwangusha. Wanaoshauri kiraka cha nyuma ya sikio, hicho si cha watoto.

Kadi ya njano ya mama ibebwe. Sharti la homa ya manjano linamhusu anayetoka nchi yenye ugonjwa, na yeye atakuwa amekaa Texas miezi mitatu, kwa hiyo kisheria halimgusi. Lakini mtu akiona pasipoti ya Kenya huuliza, na kumwonyesha kadi ni rahisi kuliko kubishana naye.

Dawa zake za presha na sukari zikae kwenye mkoba wa mkononi, za siku kumi. Masanduku mnayokabidhi bandarini hufika chumbani jioni.

Ugonjwa wa kuhara na kutapika wa melini husababishwa na norovirusi, na sanitaiza ya pombe haiuwezi vizuri. Sabuni na maji, sekunde 20, kabla ya bafe na baada ya choo. Mabomba huwa mlangoni mwa bafe na watu wanayapita.

Bima ya mama isome neno kwa neno. Bima nyingi za wageni zinahudumia ndani ya Marekani tu. Kliniki ya meli hukutoza papo hapo kwenye akaunti ya chumba, na kumhamisha mgonjwa kwa ndege kutoka kisiwani ni makumi ya maelfu ya dola.

Mama Salma, Houston

Asanteni sana, Mungu awabariki. Visa ya mama ni M, nimeshaiangalia. Sasa bandari. Mtandaoni wote wanaimba maporomoko ya Dunn's River na samaki taa (stingray) wa Cayman. Na je, kibla melini watu wanajuaje?

Abu Nuhu, Tampa

Dunn's River iko Ocho Rios, ninyi mnashuka Falmouth. Ni zaidi ya saa nzima kwa basi kwenda, na hivyo hivyo kurudi, halafu ni kupanda mawe yenye maji mkishikana mikono. Mama hawezi, mdogo hawezi. Karibu na Falmouth kuna mto Martha Brae, mnakaa kwenye chelezo cha mianzi kinachosukumwa kwa upondo, taratibu, zaidi ya saa moja majini. Kila chelezo kinabeba wakubwa wawili na mtoto, kwa hiyo ninyi hamtatosha kwenye kimoja. Sehemu ngumu kwa mama ni hatua ya kuingilia, apewe mkono. Lile ziwa la pwani lenye maji yanayong'aa mnalolisikia Falmouth ni la usiku, na usiku meli imeshaondoka. Na watoto wasivae nguo za mabakamabaka ya kijeshi Jamaika, hata kaptula. Sheria inakataza.

George Town hakuna gati la meli kubwa. Meli inatia nanga, mnashushwa kwa boti. Bahari ikichafuka bandari hiyo inarukwa kabisa, msilipie kitu kisichorudishwa. Kuvuka kutoka meli kuingia botini ni hatua inayopanda na kushuka na wimbi, na kigari cha mtoto kikunjwe. Kama mama anasitasita, abaki melini siku hiyo apumzike. Samaki taa wako kwenye fungu la mchanga, maji ya kiunoni kwa mtu mzima. Mwenye miaka 9 atafurahi, mwenye 5 abebwe. Miguu iburutwe mchangani, isinyanyuliwe, ili msimkanyage samaki. Bei za huko soma vizuri: dola 10 za Cayman madukani ni dola 12.50 za Marekani. Magari yanapita kushoto, Jamaika pia. Mama amezoea, watoto wa Texas wataangalia upande usio.

Cozumel: pwani ya magharibi maji yametulia, ya mashariki yana mkondo, msiogelee. Teksi hazina mita, bei ni kwa eneo na imebandikwa gatini. Ulizeni kabla ya kuingia. Krimu ya jua iwe ya zinki. Ndani ya hifadhi ya matumbawe nyingine zinakataliwa. Tulum na mtoto mchanga ni feri ya dakika 45 na barabara ndefu juu yake. Acheni.

Kibla: dira ya simu hudanganywa na chuma cha meli. Televisheni ya chumbani ina chaneli ya ramani inayoonyesha meli inaelekea wapi. Kwa maji yale kibla ni kaskazini-mashariki, mkikosea kidogo si neno, na meli ikigeuka mnapima upya.

Wakala wa Safari, Dallas

Naongeza la saa, maana ndilo linaloacha watu gatini. Mwezi wa pili Jamaika, Cayman na Cozumel zote ziko saa moja mbele ya Texas. Meli nyingine hubadilisha saa zao, nyingine hubaki na ya Galveston. Mkibaki na saa ya Texas mkononi wakati meli imesogeza, mmechelewa saa nzima bila kujua. Simu nayo hujibadilisha yenyewe kila ikishika mnara. Beba saa ya mkononi, uiweke kwa saa iliyo kwenye lifti au ngazi za meli unapotoka, na hesabu kufika nusu saa kabla ya muda wa kuondoka. Kwa aliyosema Abu Nuhu naongeza jambo moja: Martha Brae chukueni kupitia meli hata kama ni ghali kidogo. Ziara ya meli ikichelewa, meli inasubiri. Ya dereva wa nje haisubiriwi. Cozumel, ambako ufuko uko karibu, teksi ya kawaida inatosha.