Tupeane uzoefu: mara ya kwanza kusikia kinubi laivu ukumbini

Mtoto wa Pakwach
Jana kanisani vijana walikuwa wanatuni adungu, vile vinubi vyetu vya asili, kabla ya misa, yule wa adungu kubwa ya besi akavuta uzi mmoja tu nikakumbuka ile konseti ya kinubi cha kizungu niliyoenda Kampala. Mimi nimekulia kwenye adungu, mzee wangu alikuwa anazichonga, lakini jamani kile kitu kina nyuzi 47! Na chini pedali 7, dada anapiga huku miguu haitulii kama fundi cherehani. Nyie mlikutana nacho wapi?

Nyabo wa Ntinda
Nyuzi za rangi ndizo zilinimaliza. Nyekundu ni do, nyeusi ni fa, ndipo jicho linaposhika njia.

Kijana wa Arua
Kweli kabisa. Na kidole kidogo hakigusi uzi hata siku moja, angalieni.

Mama Mapacha, Gulu
Ngojeni niseme yangu maana sijawahi kuisema popote. Ukumbi wa paa la mabati, msimu wa mvua, wanapiga ile konseto ya kinubi ya mtunzi Handel ya 1736, kinubi kinaongoza na okestra inafuata, inaanza kwa raha kweli. Mara mvua ikashuka, mnaijua mvua ya Kampala, na kinubi hakina maiki, tunaona vidole vinatembea sauti hatuipati. Dada wa watu akaacha, akaweka mikono mapajani akangoja, na sisi tukangoja, hakuna aliyetoka. Mvua ilipopungua akaingia sehemu ya pili, ile ya huzuni, na hapo uzi ukakatika. PAA! Mliokulia kaskazini miaka ile ya vita, mlio kama wa bunduki, mtanielewa. Mzee wa mstari wa mbele yangu alikuwa chini ya kiti tayari, na mimi nimeshamlaza binti yangu kichwa mapajani, mkono juu yake. Wengine wakacheka, na kile kicheko kiliniuma kuliko mlio wenyewe. Yule dada akashuka jukwaani mpaka kwa mzee, akamwonyesha uzi wenyewe, utumbo wa mnyama umejikunja, akamwachia mkononi. Ndipo akarudi akafunga mwingine mbele yetu, akatuni, akapiga kidogo, akatuni tena, maana uzi mpya unalegea kila saa.

Kijana wa Arua
Pole sana mama. Waliocheka hawajui walichokicheka.

Nyabo wa Ntinda
Banange. Na mzee akaendelea kukaa?

Mama Mapacha, Gulu
Alikaa mpaka mwisho, uzi ameuzungusha kidoleni.

Mwalimu wa Jinja
Pole mama. Turudi kwenye mada, watu waache kupiga makofi katikati. Konseto ina sehemu tatu, subirini ya tatu iishe.

Boda wa Wandegeya
Mwalimu hiyo sheria imetoka wapi? Mozart mwaka 1778 akiwa Paris, mwaka uleule aliotunga konseto ya filimbi na kinubi, alimwandikia baba yake kwa furaha kwamba watu wamepiga makofi katikati ya simfoni yake.

Mwalimu wa Jinja
Ssebo, hiyo ni zamani. Sasa hivi msanii anatolewa kwenye mawazo.

Boda wa Wandegeya
Uzi ulikatika na hakutolewa.

Mzee wa Mengo
Wanangu, mnasahau ennanga, kinubi chetu cha Buganda. Nyuzi 8 tu, ilipigwa ndani ya lubiri, jumba la mfalme wetu Kabaka, na jumba hilo liliposhambuliwa 1966 wapigaji wakatawanyika. Mimi kwenye konseti ya kizungu nilikosa kitu kimoja, ule mvumo. Ennanga ina pete za ngozi ya kenge shingoni, uzi ukizigusa unanguruma. Kinubi chao kinalia safi mno, sikio langu likawa linatafuta.

Mtoto wa Pakwach
Mzee asante sana kwa hili.

Mgeni Mukono
Naenda Jumamosi mara ya kwanza. Nikae wapi?

Kijana wa Arua
Mbele, uione miguu.

Nyabo wa Ntinda
Nyuma katikati, mbele unasikia pedali zinagonga. Na kabla hujaja ule kabisa rolex yako, ile chapati ya mayai, kile chombo ni kipole, tumbo likinguruma mpaka jukwaani watasikia.

Mama Mapacha, Gulu
Uliza kwanza kama kuna dari chini ya mabati.

Mwalimu wa Jinja
Makofi mwisho tu.

Boda wa Wandegeya
Usimsikilize, ukifurahi piga.