Naomba ushauri: waifai inakufa kwenye kuta za mawe

Ndugu zangu, salamu kutoka Lamu, mtaa wa Mkomani.

Nalipia intaneti ya kasi ya Mbps 20 (megabiti kwa sekunde). Nikichomeka waya kwenye ruta, kompyuta inapata 18 au 19, kwa hiyo na kampuni sina neno. Shida ni waifai. Karibu na ruta mambo safi. Ukipanda ghorofani inashuka hadi 4, na chumba cha nyuma ndiyo usiseme.

Nyumba ni ya kale, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nene ajabu. Joto haliingii, na mawimbi ya waifai ya 5 GHz nayo hayapiti. Yale mengine ya ruta, ya 2.4 GHz, yanapenya zaidi, ila huku nyumba zimebanana, punda wawili wakikutana kichochoroni ni kesi, na kila jirani ana ruta yake. Nimejaribu chaneli (njia za mawimbi hayo) 1, 6 na 11. Usiku zote zimejaa.

Fundi anasema ninunue ripita, kile kifaa cha kudaka waifai na kuirusha mbele. Nasita, kwani nyingi za bei nafuu hupokea na kutuma kwa redio ileile moja, kasi inakatika karibu nusu. Naona bora nivute waya hadi juu, nifunge ruta ya pili huko. Lakini mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe (na simlaumu, mji huu ni urithi wa dunia tangu 2001).

Aliyefanya hivi kwenye nyumba ya mawe, waya uliupitisha wapi? Kupitia uwazi wa uani katikati? Na hewa ya chumvi haili vichwa vya waya?