Naomba ushauri: dogo anataka kusomea katuni na filamu

Wakuu, salaam. Mdogo wangu kamaliza kidato cha nne, tuko Area C hapa Dodoma. Anachora balaa, na Blender, programu ya kutengeneza katuni kwenye kompyuta, kajifunza mwenyewe maana ni ya bure. Shida ni kompyuta: RAM GB 4, na sekunde moja ya katuni ni picha 24, basi anaiacha ikichakata usiku kucha, asubuhi anakuta imeganda.

Mzee anataka akasomee umeme VETA. Kuna chuo cha ufundi kinatangaza kozi ya uhuishaji, yaani hizo katuni, ila nilipokwenda kuangalia vifaa nikaonyeshwa fomu ya ada.

Nimpeleke TaSUBa, kile chuo cha sanaa Bagamoyo, au hiyo ada ninunue kompyuta kwanza? Na kazi zenyewe huku zipo, au lazima Dar?