Kitabu nimelipia, noti nimeandika mwenyewe, sasa wenye apu wamefunga vyote. Huu ni wizi

Wakuu nisameheni nikiandika hovyo, nina hasira na mikono imeganda, si mnaijua Uyole mwezi wa saba.

Iko hivi. Nasoma kilimo hapa Mbeya, UE, yani mitihani ya mwisho wa muhula, zinaanza wiki ijayo. Kitabu cha sayansi ya udongo alichotuelekeza lekchara maktaba kipo kimoja na kinagombaniwa, cha karatasi bei yake boom (hela ya mkopo wa chuo) haligusi, basi nikalipia cha kidijitali kwenye apu moja ambayo siitaji jina maana mods wa humu nawajua. Unalipia kwa muhula. Nikasema freshi, kishikwambi changu cha mtumba cha Mwanjelwa kipo, kalamu ya skrini ipo, twende kazi.

Na kazi nilipiga kweli aisee. Njano maana za maneno, kijani hesabu, nyekundu vile vitu vinavyotoka kwenye pepa kila mwaka. Kitabu chenyewe mifano yake yote ya Marekani, kwa hiyo mi kila sura nikawa naiandikia ya kwetu pembeni. Kwenye sura ya fosforasi niliandika HII NDO RUNGWE, yani udongo wetu wa volkano mweusi, mwepesi, ukiuona unasema rutuba imejaa, kumbe yale madini ya alofeni yaliyomo yanaing'ang'ania fosforasi, unatupia mbolea yako ya DAP kwenye viazi na sehemu kubwa inanaswa hata mzizi haujaigusa. Nikachora na mshale kutoka kwenye jedwali la pH. Hayo hayamo kwenye kitabu chao, nimeyatoa fildi na kwa wakulima wenyewe kule Isongole.

Juzi nafungua nakuta ukurasa mweupe na kitufe cha kulipia. Eti muhula umeisha. Muhula wa nani? Chuo hakijamaliza, kalenda waliyotumia ni yao. Haya kitabu ni chenu, kifungeni, noti zangu je? Nazo ziko humohumo ndani ya apu, zimekaa kwenye seva yao, hakuna pa kuzitoa wala kuzihamisha. Mwenye nyumba kodi ikiisha anakutoa, sawa, lakini godoro lako si unatoka nalo jamani!

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Jibu: huisha usajili wako uendelee kufurahia maudhui. Kufurahia! Nani hapa duniani anafurahia uwezo wa udongo kubadilishana kationi?

Na hata muda ulipokuwa haujaisha ilikuwa mateso tu. Unanakili sentensi mbili inakwambia umefika kikomo, unapiga skrinishoti inatoka nyeusi tii, alafu kila baada ya muda inataka intaneti ikuhakiki, sasa umeme umekatika, mnara nao umelala, umekaa na tableti ina chaji na kitabu umelipia na hakifunguki. Mtu wa karatasi pembeni anasoma na tochi anakuangalia tu.

Najua wajuaji mnakuja na "si ungetumia PDF". PDF naipenda, PDF ya kawaida ukipigia mstari alama inahifadhiwa kwenye faili lenyewe, na ni kiwango cha wazi cha ISO (shirika la viwango la kimataifa) tangu 2008, unafungulia programu nyingine unazikuta noti zako zimetulia. Ila madesa (noti na vitabu vya kugawana) tunayorushiwa kwenye grupu ni kurasa zilizoskaniwa, moja ina kidole gumba cha mtu kabisa, unakokota kalamu haishiki hata neno moja kwa sababu mle hakuna maneno, ni picha. Ukiipitisha kwenye programu ya kutambua maandishi, ikifika kwenye fomula inaandika vituko.

Na hili sio geni. 2009 Amazon walifuta kimyakimya vitabu vya George Orwell kwenye Kindle (vile vifaa vyao vya kusomea vitabu) za watu waliokwisha vilipia, kisa muuzaji hakuwa na haki navyo. Dogo mmoja wa sekondari kule Michigan noti zake zikabaki zinaelea hazijulikani ni za ukurasa gani, akawapeleka mahakamani, ikaishia kwenye makubaliano ya dola 150,000. Na walioathirika waliambiwa wakitaka watarudishiwa vitabu pamoja na noti zao. Kwa hiyo msiniambie haiwezekani, wakibanwa inawezekana. Sisi huku nani wa kuwabana?

Mi sihitaji kitabu chao tena, nataka mistari yangu tu, hata kama ni faili la maandishi matupu lisilo na rangi. Kama kuna mtu alishawahi kuzitoa noti kwenye apu za namna hii bila kulipa muhula mzima upya aseme hapahapa, wengi tu tumekwama. Wale wa kuuza apu zilizokrakiwa PM msinifuate, na wa "rudi kwenye karatasi" nawaomba mnitumie na hela ya kununua hiyo karatasi.