Saruji yenye majivu, tuikubali au tuikatae?

Wadau naomba tujadili hili bila jazba. Juzi saiti kwetu Ihumwa fundi kagoma kabisa kufungua mifuko ya saruji, kisa kasikia ina majivu na rangi yake sio ile aliyoizoea, anasema tumeuziwa vumbi la jikoni. Majirani wakamuunga mkono. Mimi naona amekosea, ila sio kwa kila kitu.

Kwanza sio majivu ya kuni jamani. Ni yale laini yanayonaswa kwenye moshi wa mitambo ya umeme ya makaa ya mawe. Saruji ikikutana na maji kuna chokaa inatoka, sasa majivu yanaikamata ile chokaa yanageuka gundi nyingine. Wamarekani wameyatia kwenye bwawa la Hungry Horse, likakamilika 1953 na mpaka leo limebeba maji. Na kule Mbeya saruji inachanganywa pozolana, majivu ya volkano yale, watu wanajenga maghorofa na hamlalamiki. Halafu klinka, yale madonge yanayosagwa kuwa saruji, inachomwa kwenye joto la nyuzi 1,450 hivi, ukiweka majivu badala ya sehemu ya klinka umepunguza moshi.

Kinachonisumbua mimi ni maji. Zege la majivu linakomaa taratibu, linataka kumwagiliwa siku nyingi kuliko lile la kawaida, sasa Dodoma hii na upepo wa mwezi wa saba, jua kali, maji yenyewe ya kununua boza, nani anamwagilia wiki mbili? Nilishanunua tofali za hivyo kwa jamaa mmoja, nikakwaruza kona kwa ufunguo tu ikamomonyoka kama udongo mkavu. Nilipombana sana, kumbe zilimwagiwa siku mbili tu. Hapo majivu yana kosa gani?

Mnaosema yana sumu nawaelewa, ya makaa ya mawe yanaweza kuwa na zebaki, risasi na aseniki, ndo maana sitaki mtu abebe viroba vya majivu asivyojua vimetoka wapi akakoroge kwa koleo uwani kwake. Slagi za viwanda vya nondo, yale mabaki ya kuyeyusha chuma, nazo hivyo hivyo, si za kuchanganya kiholela, zikiwa na chokaa iliyobaki ndani zinavimba ukutani baadaye. Vipimwe kiwandani, TBS wakague, na mfuko uandikwe kwa Kiswahili una nini na umwagilie siku ngapi.

Mnaokataa kabisa, nipeni sababu nyingine zaidi ya rangi.