Vocha za serikali kwenda shule binafsi, hivi lengo hasa ni nini?

Kahawa_Mwanga (Kigoma):
Wakuu habari za jioni. Juzi kijiweni hapa Mwanga kulikua na ubishi sio wa kawaida. Kuna jamaa yetu watoto wake wanasoma English Medium, anasema serikali ingempa kila mzazi hela ya mtoto wake kama vocha aende nayo shule anayotaka, ya serikali au ya binafsi, kama baadhi ya majimbo ya Marekani. Mzee mmoja akamjibu hiyo ni janja ya wenye nazo kulipiwa ada na walalahoi. Nikabaki njia panda. Walioanzisha hii kitu walitaka kumsaidia maskini, au shule zishindane, au kuna lingine? Mwenye uelewa anipe darasa.

Tichа_Kaliua:
Mkuu kila aliyeishika alikua na lake. Milton Friedman, yule mchumi, aliandika mwaka 1955 kwamba serikali ilipie elimu lakini sio lazima imiliki shule, mzazi achague na shule zigombanie wanafunzi. Huyo shida yake ilikua ushindani. Sasa mwaka mmoja kabla, mahakama ya juu ya Marekani ilishapiga marufuku kutenganisha watoto weusi na weupe kwenye shule za umma, na kaunti moja ya Virginia inaitwa Prince Edward mwaka 1959 ikaona bora ifunge shule zote za umma, watoto wa kizungu wakasaidiwa ruzuku wakasome shule binafsi, weusi wengi wakakaa nyumbani miaka kadhaa, shule za umma zikaja kufunguliwa tena 1964. Hela ya umma ile ile kwenda shule binafsi, ila nia mbaya kabisa.

Alafu geuza. Mji wa Milwaukee, huko huko Marekani, 1990 vocha zilipiganiwa na mama mweusi, mbunge wa jimbo, Polly Williams, zikawa za familia za kipato cha chini tu. Miaka ilivyoenda kiwango cha kipato kikapandishwa na mama mwenyewe akaja juu. Jimbo la Arizona tangu 2022 wamefungulia wote, hata ambaye mtoto wake alikua tayari private.

MamaTatu_Gungu:
Mimi naomba niulize kitu kidogo tu. Tangu elimu bila ada ianze 2016 ruzuku ya mwanafunzi wa msingi ni 10,000 kwa mwaka, sekondari 25,000. Ndo hiyo vocha? Elfu kumi English Medium gani watakupokea, hata sweta ya shule hupati 😂

Tichа_Kaliua:
Dada yangu hiyo ni ya uendeshaji tu, mishahara yetu walimu iko pembeni, ukiijumlisha na kugawa kwa vichwa inakua zaidi. Ila hata hivyo haifiki ada za huko.

MamaTatu_Gungu:
Sawa mwalimu, kwaiyo tofauti anatoa nani? Mwenye nayo. Asiye nayo anabaki na karatasi. Na wenzetu wa Kalya na Buhingu huko, unapanda boti kufika, shule binafsi ya kuchagua iko wapi??

Bin_Nzega:
Mama umegusa penyewe, hiyo ndo iliyowakuta Chile. Walianza 1981 chini ya dikteta Pinochet, vocha kwa wote, alafu miaka ya tisini shule binafsi zikaruhusiwa kuchangisha wazazi juu ya vocha na nyingi zilikua zinachagua watoto, basi wakajipanga kwa mifuko ya baba zao. 2008 wakaongeza hela kwa mtoto maskini, na 2015 wakapitisha sheria ya kuondoa michango na kuchagua wanafunzi taratibu. Kolombia wao 1991 walilenga maskini moja kwa moja, waombaji wakizidi inachezwa bahati nasibu, na watafiti waliwafatilia wakakuta walioshinda wanamaliza la nane zaidi ya walioshindwa kwa kama asilimia 10. Ila jimbo la Louisiana, Marekani, walioshinda bahati nasibu hesabu zao zilishuka, maana shule zilizopokea vocha nyingi zilikua zile zinazokosa wanafunzi. Kwaiyo usiniulize vocha nzuri au mbaya, niulize sheria yake imeandikwaje.

Mkulima_Urambo:
Mmesahau vocha za pembejeo nyie. Mkulima alikua anasaini kwa wakala, anapewa hela ya soda, mbolea haioni. Leteni za shule tuone wanafunzi hewa.

Kahawa_Mwanga:
Asanteni sana. Nimemsomea jamaa yote haya, eti yeye Chile haimhusu, analipa kodi na analipa ada, anataka apumue.

MamaTatu_Gungu:
Si aseme hivyo sasa! Aombe nafuu ya ada kwa jina lake, asimtangulize mtoto wa Kalya mbele.

Kahawa_Mwanga:
Nimemwambia. Kanuna, hata kahawa leo hajalipa.